Salamu Ambazo Mayala Hakuzituma

Maneno yale yalimkuta Mama Mayala ameshika mfuko wazi akipimiwa dagaa, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani.

Aliyeyaleta ni Nelly, mchuuzi anayetoa dagaa ziwani Nkome, upande wa Geita, na kuwauza siku za mnada pale Mhunze, wilayani Kishapu. Alimpimia sado yake, akamwongeza kiganja cha nyongeza kama kawaida, halafu akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba kule Geita mjini, mtaa wa Kalangalala, kuna karasha limekaa uani kwa mfanyabiashara mmoja mpaka majani yameota katikati ya magurudumu. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu: MAYALA WA MHUNZE. Watu wanasema mwenyewe hajulikani aliko. Watu wanasema mahakama imetoa tangazo, asipotokea mwenye haki linapigwa mnada.

"Si wako huyo, mayo?" Nelly akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wa kwangu hunipigia simu," Mama Mayala akajibu. "Angeniambia."

Akalipa, akaenda zake, na dagaa akawaacha juu ya turubai. Ilibidi Nelly amkimbilie nao.

Njia nzima alijipa moyo. Akina Mayala ni wengi Usukumani kama mbegu za ufuta. Lakini wa Mhunze wangapi? Na wa Mhunze mwenye ndoto ya karasha wangapi? Karasha ni mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Mchimbaji akiwa nalo haepuki tu kuponda kwa nyundo, bali wenzake ndio humletea mawe yao na kumwachia sehemu. Mayala alipoondoka nyumbani alisema atachimba mpaka apate karasha, na karasha ndilo litakalomjengea mama nyumba ya bati.

Simu yake ya mwisho ilikuwa ya bati hilohilo. Alipiga mchana, kelele za mashine nyuma yake, akauliza, "Mama, unataka bati la rangi gani, jekundu au la kijani?" Mama Mayala, ambaye jina lake la ubatizo ni Euphrasia, akasema ngoja nifikirie. Simu ikakatika. Alipomaliza kufikiri akapiga, haikupatikana. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Alitaka la kijani. Ilikuwa imepita miaka sita na jibu bado lilikuwa mdomoni mwake.

Sasa, ile habari ya kwamba Mayala humpigia ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye jumuiya. Katika jumuiya yao ya Kikatoliki, Jumamosi, baada ya sala na matangazo, huwa kuna zamu ya salamu. Kila mama mwenye mtoto mbali husimama akasema, mwanangu wa Kahama anawasalimu, binti yangu wa Mwanza anawasalimu, na wote huitikia, tumezipokea. Mama asiyesimama hutazamwa. Hakuna anayemsema vibaya, la. Humtazama tu kama mtu atazamavyo shamba la jirani lililokosa mvua. Euphrasia alivumilia macho hayo mwaka mzima wa kwanza. Jumamosi moja miguu ikamsimamisha yenyewe, akasikia kinywa chake kinasema, "Mayala anawasalimu."

Tumezipokea, wakaitikia, na jirani yake Serafina akapiga kigelegele.

Laiti angeishia hapo. Lakini salamu ni kama mbuzi, ukimfunga mmoja kesho utaombwa maji yake na majani yake. Watu wakataka kujua Mayala anaendeleaje. Akawaambia anaendelea vizuri, amepunguza kuvuta sigara. Serafina alipoumia mguu, Mayala akauliza hali ya mguu. Pasaka akawatakia Pasaka njema. Serafina naye, mtu wa moyo mweupe, akawa anarudisha: mwambie mguu umepona, mwambie asile vyakula vya barabarani, mwambie aoe. Euphrasia akirudi nyumbani huketi jikoni na salamu hizo zote mikononi, hana pa kuzipeleka. Hata hivyo zilimfaa. Dakika zile za Jumamosi alikuwa na mtoto.

Baada ya maneno ya Nelly hakulala vizuri tena. Akauza kuku, akapanda basi kwenda Geita.

Mwenye ua alikuwa Dilip, muuza mota na vipuri, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Karasha lilikuwa pale, kweli, na majani yalikuwa yameota katikati yake, kweli. Euphrasia hakuuliza kitu kwanza. Alipita kidole juu ya herufi zile nyekundu. Ile Y ilikuwa na mkia uliokunjwa kama ndoana. Hivyo ndivyo Mayala alivyoiandika tangu darasa la pili, akachapwa kwa ajili yake na hakuacha.

Dilip akamletea kiti na chai ya maziwa. Alieleza kwamba miaka sita iliyopita kijana alileta karasha libadilishwe mota, akalipa, akasema atarudi Jumatatu na gari la kulibeba. Jumatatu hiyo haikufika. Sasa Dilip anauza kiwanja, anahamia kwa wanawe Mwanza, na hataki kuondoka na mali ya mtu wala kuiuza kienyeji, maana mali ya mtu ikikaa kwako inakuandama. Kwa hiyo alikwenda polisi, polisi wakamwelekeza mahakamani, na mahakama ikaamuru tangazo.

"Nipe basi, baba," Euphrasia akasema. "Ni la mwanangu."

"Mama, naona. Pua yako tu, kama yake, inatosha, hata kitambulisho sikuombi." Dilip akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini si mimi wa kukupa. Karani wa mahakama aliniambia milango ni mitatu. Aje mwenyewe. Au aandike karatasi ya wakili kwamba wewe unamwakilisha. Au..." Akazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho sukari yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

"Au nini?"

"Au awe marehemu, na mahakama ikuteue wewe kusimamia mirathi yake."

Euphrasia akaiweka chai chini. Hakuuliza tena habari ya karasha. Alichouliza ni Mayala siku ile alivaaje, alikuwa amekonda, alisema nini. Dilip alijitahidi. Alikumbuka kofia. Alikumbuka kwamba kijana alikunywa soda mbili mfululizo akamtania kwamba Mhindi gani huyu anauza mota na hana feni dukani. Euphrasia akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaondoka.

Aliporudi alimweleza shemeji yake, Ngassa, mdogo wa marehemu mumewe, anayekaa kijiji cha pili na hasali katika jumuiya yao. Ngassa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Akaitisha kikao cha ukoo, akaleta wazee, akaandikisha muhtasari wa kikao kama mahakama inavyotaka. Akasema kijana akinyamaza miaka sita huko kwenye maduara, mashimo yanayomeza watu kila masika, huyo hayupo, na mali yake ikipotea ni dhambi ya ukoo mzima. Karasha lije hapa Kishapu, lifanye kazi, mama ale.

"Sitasema amekufa," Euphrasia akawaambia.

"Hatukuambii useme amekufa, shemeji. Sema yuko kimya. Sheria ndiyo itasema hilo jingine."

Ilikuwa kweli. Karani wa mahakama ya mwanzo, binti mpole aitwaye Asteria, alimweleza taratibu. Mtu asiposikika kwa miaka mitano kwa wale ambao ingepasa wamsikie, mahakama yaweza kumhesabu kuwa amefariki, na hapo mirathi inaweza kufunguliwa. Aje mama, aje mtu wa ukoo, aje na jirani mmoja mwaminifu asiye ndugu. Ngassa akauliza jirani gani anayeaminika zaidi pale kijijini. Wote wakamtaja Serafina.

Hapo ndipo Euphrasia angesema ukweli wa salamu zile. Lakini alijiambia kwamba jirani ataulizwa tu kama anaifahamu familia, basi. Akanyamaza. Ndani yake kulikuwa na kitu kingine pia: alilitaka lile karasha. Hakulitaka limsagie mawe ya watu. Alilitaka likae uani pake, asubuhi akifungua mlango aione ile Y yenye mkia.

Walipokuwa wakitoka mahakamani siku hiyo, kijana mmoja mwenye faili kwapani aliwafuata mpaka kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi. Akamwamkia Euphrasia shikamoo, kwa adabu zote, akasema amesikia shida yao na ni shida ndogo. Mashahidi wa nini, miaka mitano ya nini? Yeye ana njia ya kupata kibali cha mazishi, na kibali kikiwepo cheti cha kifo kinatoka.

"Nikuandikie afe lini, mama?" akauliza, kalamu tayari mkononi. "Chagua tu mwezi."

Euphrasia alimtazama kijana huyo. Alikuwa rika la Mayala. Akainama pembeni ya kibanda akatapika chai ya asubuhi, na Ngassa, ambaye tayari alikuwa ameanza kuuliza inagharimu kiasi gani, akaona haya akamfukuza yule mtu.

Siku ya shauri ilifika. Chumba kilikuwa kidogo, hakimu alikuwa mwanamama mwenye sauti ya chini, na wazee wa baraza wawili walikaa pembeni yake. Ngassa aliapa, akasema yake vizuri: kijana alikwenda machimboni, hakurudi, hapigi, ukoo umekaa na umeridhia. Hakimu akaandika. Kisha akaitwa Serafina.

Serafina alikuwa amevaa kitenge chake cha Noeli. Alishika Biblia kwa mikono miwili. Akasema anaifahamu familia, Mayala amemwona tangu anatambaa, mama yake ni mtu wa watu. Euphrasia akaanza kushusha pumzi.

"Na wewe," hakimu akauliza, "mara ya mwisho ulisikia lini habari za Mayala?"

"Pasaka hii iliyopita, mheshimiwa," Serafina akajibu kwa furaha. "Aliniulizia mguu wangu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Ngassa aligeuka kama aliyepigwa kofi. Hakimu akaweka kalamu chini, akamtaka Serafina aeleze, na Serafina, ambaye kwa maisha yake hajawahi kupunguza neno mbele ya Biblia, akaeleza yote: Noeli na Pasaka, sigara, mvua, salamu za Jumamosi baada ya Jumamosi. Akasema jumuiya nzima inaweza kuja kushuhudia. Akasema hata yeye alishangaa kuitwa, kwa sababu anavyojua Mayala yu mzima, labda wamemleta aseme hivyo.

Euphrasia akaitwa mbele.

Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema na yote mawili yalikuwa na miiba. Akisema salamu ni za kweli, Mayala anabaki hai katika vinywa vya watu, Serafina anabaki na heshima yake, na karasha linakwenda. Akisema ni za uongo, karasha huenda likaja, lakini atakuwa amemnyamazisha mwanawe mwenyewe mbele ya watu.

Hakimu hakumfokea. Alimwambia, "Mama, sikiliza. Kama mwanao anapiga simu, nifunge faili hili na hakuna mtu atakayemtafuta, kwa kuwa hajapotea. Kama hapigi, niambie, ulimwambia nani?"

"Kwamba nini, mheshimiwa?"

"Kwamba amepotea."

Euphrasia akawapitia mmoja mmoja kichwani. Polisi hakwenda, kwa kuwa askari wangeuliza kule kijijini na watu wangejua. Mwenyekiti wa kijiji hakumwambia, kwa kuwa mkewe husali jumuiya moja naye. Wachimbaji waliokuwa wakirudi Kishapu kwa sikukuu hakuwauliza. Wao ndio waliomuuliza yeye, na akawajibu Mayala hajambo, anawasalimu. Wangapi kati yao walikuwa wamemwona mahali? Wangapi wangemtaja, kama angewaacha waongee?

"Hajanipigia," akasema. "Miaka sita. Zile salamu nilizitunga mimi."

Serafina alijifunika mdomo kwa upande wa kitenge. Hakulia. Alimtazama rafiki yake tu, na Euphrasia aliona vile mtu anavyorudi nyuma akilini, Jumamosi moja moja, akizichukua salamu zake zote na kukuta hazikuwa na mwenyewe.

Hakimu alikataa maombi. Alisema mahakama haiwezi kusimama juu ya ushahidi unaokanana namna ile. Alisema jambo moja zaidi, na Euphrasia hulisikia mpaka leo akiwa anachambua mchicha: "Mtu aliyetafutwa asipatikane, juu ya huyo sheria inaweza kusema neno. Wa kwako hajatafutwa."

Ngassa alitangulia kuondoka bila kuaga. Serafina alimngojea nje. Walitembea pamoja hadi njia panda, na hapo Serafina akasema, "Ungeniambia, Mama Mayala. Ningekaa kimya nawe." Kisha akaongeza, na sauti ilikuwa kavu, "Nilimwombea aache sigara. Kila siku."

Karasha liliuzwa. Dilip alipiga simu mwenyewe kumpa taarifa, akasema fedha zimewekwa kama mahakama ilivyoamuru, mwenye haki akitokea atazidai huko. Akasema kabla hawajalibeba alimwomba fundi apige picha ya ule ubavu wenye maandishi, kama mama ana ndugu mwenye simu kubwa atamtumia. Euphrasia akamshukuru, wabeja sana, akakata simu haraka.

Wiki hiyohiyo alikwenda kituo cha polisi kutoa taarifa ya mtu aliyepotea. Serafina alifuatana naye bila kuombwa. Askari alikuwa kijana, akachukua maelezo kwa subira. Jina. Kabila. Mahali alipoonekana mwisho. Hayo Euphrasia aliyajua. Kovu? Lipo, kisigino cha kushoto, jembe. Meno? Yote, la mbele limepanda jingine. Alijibu harakaharaka, akawa kama mtu aliyepata nafasi hatimaye ya kumzungumzia mwanawe bila kutunga kitu, akaanza hata kueleza anavyocheka, na askari akamwacha aeleze.

"Ni mnene au mwembamba?"

"Mwembamba." Akafikiri. "Alikuwa mwembamba."

"Ana ndevu?"

Euphrasia akamtazama Serafina, kana kwamba Serafina angejua. Mayala alipoondoka kidevu chake kilikuwa laini kama cha msichana. Sasa alikuwa ni mtu mzima mahali fulani, au si mtu mahali popote, na mama aliyemzaa hakujua uso wa kumtafuta una nini.

"Andika sijui," akasema.

Askari akaandika.

Wewe mama unayesoma hapa na mwanao yuko machimboni, epuka haya:

Usipokee wala kupeleka salamu ambayo mtoto hakuituma, hata kwa kumfariji mtu. Hata kwa kujifariji wewe.

Usingoje mwaka. Akinyamaza kuliko kawaida yake, nenda kwa mwenyekiti, nenda polisi, ukaandikishe.

Usione haya kuuliza wanaorudi. Uliza kwanza, jibu baadaye.

Usimkubali mtu wa faili anayekungoja nje ya mahakama. Kibali cha mazishi bila maiti ni kosa la jinai, na atakayefungwa ni wewe.

Usichukue shahidi uliyemdanganya. Mwambie ukweli kabla hajashika Biblia.

Usimruhusu mtoto aache mali kwa mtu bila karatasi yenye jina lake kamili, kijiji chake na jina la ndugu wa kutafutwa. Rangi ubavuni haitoshi.

Usidhani mali ya mtoto ni yako kwa kuwa ulimzaa. Sheria itakuuliza unaidai kwa mlango upi.

Usiache simu ikatike ukisema ngoja nifikirie. Akikuuliza rangi, taja rangi.